Dereva na Jamaa Yake: Gari Lenye Nguvu Nyuma Wakati wa Mvua

Mvua za Nile Magharibi hazimshtukizi mwenyeji. Toka Desemba hadi Machi ni kiangazi, na vumbi jekundu hutanda juu ya majani ya miembe iliyo kando ya njia. Mnamo Aprili mvua huingia. Katikati ya mwaka hulegea kidogo. Kisha kuanzia Agosti hurudi kwa nguvu, wala haitulii mpaka Novemba. Barabara kuu itokayo Arua kwenda Koboko sasa ina lami, lakini njia nyingi za ndani, zile zinazotufikisha nyumbani hasa katika Ayivu na Koboko, bado ni za udongo na moramu. Katika miezi ya mvua njia hizo huwa utelezi mtupu.

Juma hili safu yetu inazungumza na askari wa jeshi na wa polisi wanaomiliki gari dogo lenye injini kubwa, pamoja na wake, waume na watoto wanaolipanda gari hilo. Tunataka kusema jambo moja, nalo ni hili: katika matope, nguvu za injini si msaada mpaka dereva ajue kuzizuia. Anayejua hilo hufika. Asiyejua huitia jamaa yake hatarini, hata kama gari lake ni zima na yeye mwenyewe ni hodari kazini.

Gari tunalolisema

Magari haya yanafahamika. Toyota Mark II na Chaser za zamani, na baada yake Mark X iliyotengenezwa Japani kuanzia mwaka 2004 hadi 2019, ni magari ya kupendeza. Hununuliwa yakiwa yamekwisha kutumika, aghalabu kwa akiba ya miaka mingi au kwa mkopo wa chama cha ushirika, Wazalendo kwa wanajeshi na Exodus kwa polisi. Yana nafasi ya watu watano, na buti lake humeza magunia ya mihogo mikavu ya kusagia unga wa enyasa bila taabu.

Mark X ya kawaida ina injini ya silinda sita na lita mbili na nusu, yenye nguvu za farasi zaidi ya 200. Isipokuwa yale yaliyoundwa kusukumwa na magurudumu yote manne, nguvu hizo zote hupita katika shafti iliyo chini ya sakafu, zikafika kwenye difu, na kutoka hapo zikagawiwa magurudumu mawili ya nyuma. Yale ya mbele huelekeza gari na kusaidia kulisimamisha, hayalivuti. Kama hujui gari lako ni la aina gani, mwulize fundi wako alitazame chini. Ni swali la dakika moja, na jibu lake litabadili namna unavyoendesha.

Kwenye lami kavu mpango huu ni mzuri. Gari linapoondoka, uzito wake huegemea nyuma, na magurudumu ya nyuma hukandamiza ardhi sawasawa. Ndiyo sababu magari mengi ya mbio, tangu zamani, yalisukumwa kwa nyuma. Shida huanza ardhi inapolowa.

Posho ya tairi

Tairi lina kiasi fulani tu cha kuishika ardhi. Kiasi hicho ni kama posho ya nyumbani: kimewekwa, wala hakiongezeki kwa kutamani. Kwa posho hiyo tairi hulazimika kufanya kazi tatu, yaani kulivuta gari, kulipinda kwenye kona, na kulisimamisha. Mama anayetumia posho yote sokoni siku ya kwanza hawezi kulipa karo siku ya pili. Tairi nalo ni hivyo hivyo. Likitumia mshiko wake wote kwa kuvuta, halibakiwi na chochote cha kulizuia gari lisiende upande.

Kwenye lami kavu posho ni nono, na dereva mbadhirifu haoni upungufu. Kwenye moramu iliyolowa posho hupungua hata chini ya nusu. Hapo dereva wa gari lenye nguvu nyuma akikanyaga mafuta kwa ghafula katikati ya kona, magurudumu ya nyuma hutumia posho yote kwa kuzunguka. Mkia wa gari hutoka nje ya kona, pua huingia ndani, na kabla hajatamka neno gari limetazama lilikotoka. Kadiri injini ilivyo kubwa, ndivyo mguu mzito unavyoimaliza posho upesi.

Tufanye hesabu kidogo. Gari linalokwenda kilomita 72 kwa saa hupita mita 20 kila sekunde. Dereva aliye macho huhitaji kiasi cha sekunde moja kuiona hatari na kukanyaga breki. Mita 20 zimekwisha kabla breki hazijashika. Kwenye lami kavu gari hilo litahitaji mita 30 hivi zaidi ili lisimame. Kwenye moramu yenye utelezi litahitaji mita 70 hivi. Jumla ni mita 90, karibu na urefu wa uwanja wa kandanda. Dereva huyo akipunguza mwendo hadi kilomita 36 kwa saa, masafa ya kusimama baada ya breki kushika hayapungui kwa nusu, bali hubaki robo. Jumla yake, pamoja na ile sekunde ya kwanza, haifiki mita 30. Mtoto wa shule anayevuka njia huku mvuli wa majani ya mgomba umemziba macho ana nafasi ya kuishi katika hesabu hii ya pili.

Waliotutangulia katika matope

Wapo watakaosema kwamba gari la kusukumwa nyuma halifai kabisa wakati wa mvua. Historia ya Afrika Mashariki inawakanusha. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye yaliitwa East African Safari, na kisha Safari Rally. Kwa miaka mingi yalifanywa wakati wa Pasaka, yaani mvua za masika zikiwa zimekwisha kuingia.

Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 240Z, gari la michezo hasa, lenye viti viwili na injini ya silinda sita, likisukumwa na magurudumu ya nyuma. Mwaka 1973 gari la aina hiyo hiyo lilishinda tena mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa pamoja na Lofty Drews. Mehta huyo huyo alishinda mfululizo tangu 1979 hadi 1982, na magari yake yote yalikuwa Datsun za kusukumwa nyuma. Kwa hakika, kuanzia mwaka 1970 hadi 1986 hakuna mwaka hata mmoja ambao mshindi alitumia gari la namna nyingine. Ni mwaka 1987 ndipo gari la kusukumwa na magurudumu manne, Audi ya Hannu Mikkola, lilipopata ushindi kwa mara ya kwanza.

Basi ni wazi kwamba gari la kusukumwa nyuma laweza kupita matopeni. Lakini tuitazame historia hiyo kwa makini zaidi, maana ndani yake kuna somo la pili. Mwaka 1963 na mwaka 1968 mvua ilikuwa kali hata magari saba tu yakaweza kumaliza mashindano. Miaka yote miwili washindi walikuwa watu wale wale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, na gari lao lilikuwa Peugeot 404, gari la kawaida la jamaa, lile lile lililobeba walimu na wafanyabiashara katika miji yetu. Mwaka 1974 Joginder Singh wa Kenya, akiwa na Mitsubishi Lancer yenye injini ndogo ya lita 1.6, alimtangulia Björn Waldegård aliyekuwa katika Porsche 911. Porsche ilikuja ya pili mwaka huo, ikaja ya pili tena mwaka 1978. Katika miaka yote hiyo gari hilo mashuhuri kwa nguvu halikupata kushinda Safari.

Hapo ndipo penye funzo. Mvua ilipozidi, ushindi haukwenda kwa mwenye injini kubwa kuliko wote. Ulikwenda kwa aliyejua kulitunza gari lake, aliyeijua njia, na aliyejua wakati wa kukaza na wakati wa kulegeza. Tena wale walikuwa mabingwa, na njiani walikuwa na mafundi wa kuwasaidia. Hawakuwa na mtoto mchanga kiti cha nyuma.

Somo litokalo kwenye theluji

Mikkola tuliyemtaja alikuwa mtu wa Ufini, nchi ambayo barabara zake hufunikwa na theluji na barafu kwa miezi mingi. Mwaka 1972, akiwa na Gunnar Palm wa Uswidi, alishinda Safari kwa Ford Escort ya kusukumwa nyuma, wakawa wageni wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kuupata ushindi huo. Si ajabu. Mtu aliyejifunza kuendesha juu ya barafu ana mguu mwepesi, na mguu mwepesi ndio unaotakiwa katika matope.

Sisi Uganda theluji yetu iko juu ya vilele vya Rwenzori tu, wala hakuna njia ya gari huko. Hata hivyo, mengi wayafanyayo watu wa nchi za baridi yanatufaa. Wao huondoka taratibu, huacha nafasi kubwa mbele yao, na hufanya kila jambo moja moja: kwanza hupunguza mwendo gari likiwa limenyooka, kisha hupinda, na baada ya kona ndipo huongeza mafuta. Wenye magari ya kusukumwa nyuma wengine hutia mfuko wa mchanga ndani ya buti, juu ya ekseli, ili magurudumu ya nyuma yapate uzito. Kwetu gunia la unga laweza kufanya kazi hiyo, maadamu limefungwa lisitembee, na maadamu mzigo haukuzidi hata pua ya gari ikawa nyepesi na usukani ukakosa utii.

Tena, katika magari mengi ya Kijapani ya aina hii, karibu na mkono wa gia, kuna kitufe kilichoandikwa SNOW, yaani theluji. Dereva wengi hukiona hawana haja nacho. Kitufe hicho hulifanya gari liondoke kwa upole, likitoa nguvu kidogo kidogo. Kibonyeze unapoingia kwenye matope. Ukiona kingine kilichoandikwa PWR, hicho ni cha kuongeza ukali wa injini; wakati wa mvua kiache kilale.

Kabla ya kuondoka

Tairi ndilo la kwanza. Kati ya gari na ardhi hakuna kingine kinachogusana ila vipande vinne vya mpira, kila kimoja kiasi cha kiganja cha mtu mzima. Tairi kipara halina mahali pa kupitishia maji wala meno ya kung'ata udongo. Meno yakibaki chini ya milimita tatu, tairi hilo limekwisha kwa mvua, hata kama wakati wa kiangazi lingeweza kuendelea. Usiweke matairi mazuri mbele na vipara nyuma kwa kudhani kwamba usukani uko mbele; katika gari hili mkia ndio unaotangulia kukusaliti.

Tazama pia umri wa tairi. Ubavuni mwake kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka: 3519 maana yake ni juma la 35 la mwaka 2019. Tairi la zamani hukauka na kuwa gumu hata kama meno yake bado yapo. Na gari likifika kutoka Japani limevaa matairi ya theluji, usiyaamini kwa muda mrefu. Mpira wake ni laini, umetengenezwa kwa baridi, na juu ya lami yetu yenye joto huisha upesi.

Upepo wa matairi uwe ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Waipa zifute bila kuacha michirizi. Taa zote ziwake. Ndani ya buti kuwe na jembe dogo, magunia mawili matupu, kamba imara, kipande cha ubao cha kuwekea jeki, tairi la akiba lenye upepo, na tochi. Mama aongeze maji ya kunywa, chakula kisichoharibika, blanketi na nguo kavu za watoto. Jamaa iliyokwama saa tatu ikiwa na chakula na nguo kavu haiwi na haraka ya kujitosa mahali pabaya.

Njiani

Hata kwenye lami usijiamini sana. Mvua ya dakika za kwanza huchanganyika na vumbi na mafuta yaliyomwagika, ikafanya utando wa utelezi. Palipo na njia ya moramu inayoingia barabarani, pikipiki na malori huacha tope jekundu juu ya lami. Na maji yakituama, gari lenye mwendo mkubwa huelea juu yake. Usukani huwa mwepesi kana kwamba umekatika. Hapo usikanyage breki wala usipinde. Ondoa mguu kwenye mafuta polepole, shika usukani wima, na ngoja matairi yaguse ardhi tena.

Ukiingia kwenye moramu, kaa juu ya mgongo wa njia kwa kadiri usivyowazuia wengine. Njia imejengwa ikiinama pande zote mbili ili maji yashuke kwenye mitaro, na gari nalo hupenda kushuka yaliko maji. Ukilazimika kumpisha mwenzako, simama kwanza au nenda mwendo wa mtu anayetembea. Kumbuka pia kwamba tumbo la gari hili li karibu na ardhi. Usiingize magurudumu ndani ya mifereji iliyochimbwa na malori. Gari litakalia tumbo, na magurudumu yatabaki yakizunguka bure.

Kupanda mlima, subiri chini hata uone njia ni nyeupe mpaka juu. Kisha panda kwa mwendo mmoja, mguu ukiwa umetulia, bila kusimama katikati na bila kubadili gia ukiweza kuepuka. Magurudumu ya nyuma yakianza kuzunguka, usiongeze mafuta. Punguza kidogo, yatashika.

Kushuka mlima kuna mtego ambao wengi hawaujui. Weka gia ndogo kabla ya mteremko kuanza. Ukiishusha gia kwa ghafula ukiwa tayari mteremkoni, injini hulifunga gari, na kwa kuwa injini imeungwa na magurudumu ya nyuma tu, ni hayo peke yake yanayozuiwa, na mkia huserereka. Breki ya kuegeshea nayo aghalabu hushika magurudumu ya nyuma. Isiguswe gari likiwa katika mwendo.

Wapo watoto wa shule na kina mama wenye mizigo kichwani wanaotembea ukingoni, na bodaboda iliyobeba watu wawili ikiyumba kwenye utelezi ule ule. Wao hawana pa kukimbilia, maana kando yao ni mtaro. Mpite kila mmoja kama ungependa mwanao apitwe.

Likianza kuserereka

Mkia ukikimbilia kulia, ondoa mguu kwenye mafuta kwa upole, usikanyage breki, na geuza usukani kulia, upande ule ule mkia unaokwenda. Macho yatazame mahali unapotaka kwenda. Usiutazame mti wala mtaro, kwani mikono hufuata macho. Mkia ukianza kurudi, nawe rudisha usukani mapema. Ukichelewa, gari litajitupa upande wa pili kwa nguvu kuliko mara ya kwanza.

Pua ikikataa kupinda, usiongeze kukata usukani. Punguza mafuta, legeza usukani kidogo, na matairi ya mbele yatapata tena mshiko.

Magari ya karibuni yana kompyuta inayozuia magurudumu kuzunguka ovyo. Inapofanya kazi, taa yenye picha ya gari linaloserereka humetameta mbele ya dereva. Wengine huiona kama pambo. Ichukue kama onyo: posho imekwisha, unaishi kwa deni. Punguza mwendo. Breki zenye kuzuia magurudumu yasifunge nazo husaidia gari lisipoteze usukani, lakini juu ya moramu legelege haziwezi kufupisha masafa ya kusimama, na mara nyingine huyarefusha.

Likikwama

Acha kukanyaga mafuta. Gurudumu linalozunguka bure huchimba kaburi lake. Difu ya kawaida hupeleka mzunguko kwa gurudumu lililo dhaifu, na lile lenye mshiko husimama likitazama. Kwa hiyo msaidie aliye dhaifu: chimba tope mbele ya gurudumu linaloteleza, tandika gunia au mawe madogo, nyoosha usukani, na uondoke kwa gia ndogo na mguu mwepesi. Kama kompyuta inaizima nguvu ya injini kila ujaribupo, izime kompyuta hiyo kwa kitufe chake, na uiwashe tena mara utokapo.

Watoto washuke na wasimame mbali, mahali palipoinuka. Wanaosukuma wasikae nyuma ya gurudumu, maana mawe na ubao hurushwa kwa nguvu. Na bomba la moshi likizibwa na tope au maji, zima injini. Moshi wake ukiingia ndani ya gari waweza kuua.

Maji yakipita juu ya njia

Enyau, Kochi na vijito vingi visivyo na jina kwenye ramani huweza kujaa kwa saa moja. Maji yanayokwenda kasi, yenye kina cha sentimita 30 tu, yaweza kuliinua gari dogo. Yakifika sentimita 60 hubeba karibu kila gari. Maji mekundu hayaonyeshi kama kalvati bado lipo chini yake. Kwa maji ya namna hii hakuna ufundi wa kuendesha. Ufundi ni kusimama, kurudi mahali pa juu, na kungoja.

Neno la nyumbani

Tumelibakiza neno hili mwisho kwa sababu ndilo zito. Ajali nyingi za mvua hazianzii kwenye kona; huanzia nyumbani, katika mazungumzo ya kuondoka. Askari ana likizo ya siku chache. Kutoka Arua hadi Kampala ni kiasi cha kilomita 500, na kesho asubuhi anatakiwa aripoti kikosini. Mvua inanyesha tangu adhuhuri. Anatazama saa, anatazama mawingu, na anaona aibu kumwambia mkubwa wake kwamba tope limemzuia. Basi anasema, "Gari lina nguvu, tutapita."

Ndugu askari, sentensi hiyo ndiyo adui. Mpigie afande simu mapema, mweleze hali ya njia na mahali ulipo, kwa adabu na kwa ukweli. Kuchelewa kunaelezeka. Hata kama kutaleta adhabu, adhabu hiyo ina siku ya kwisha. Bora zaidi, panga safari ya kurudi siku moja kabla, uondoke asubuhi, na uyahesabu masaa ya mvua kama sehemu ya likizo yenyewe.

Nawe mama, usinyamaze kwa heshima pale ambapo kunyamaza ni hatari. Kusema, "Baba fulani, tusubiri mvua ikatike," si kumvunjia mume heshima. Yeye ameshika usukani na macho yake yako njiani. Wewe unawaona watoto. Kama mwendo unakutisha, sema mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili omba gari lisimame. Mume mwenye busara husimama, kama vile askari mwenye busara asikilizavyo taarifa ya mlinzi wake. Mtoto asipakatwe kiti cha mbele. Akae nyuma, afungwe mkanda au kiti chake cha mtoto. Mzazi, hata awe na mikono ya chuma, hawezi kumzuia mtoto gari linapogonga.

Na pale ambapo safari haiwezi kungoja, kama mgonjwa au mama mwenye uchungu wa kuzaa usiku wa mvua, msijaribu njia ya udongo kwa gari hili mkiwa peke yenu. Tafuteni jirani mwenye gari refu la magurudumu manne, au tangulizeni mtu wa kuipima njia. Mwezi mmoja kabla ya siku ya kujifungua kufika, jamaa iliyo mbali na lami yafaa imhamishie mama karibu na hospitali. Hilo ni bei rahisi kuliko matairi manne.

Gari lenye nguvu ni mali nzuri, tena limepatikana kwa jasho. Nguvu zake zitumieni siku njia ikikauka. Siku ya mvua, wahenga walikwisha sema: mwenda pole hajikwai.

Juma lijalo tutazungumzia betri ya gari na jinsi ya kuitunza inapokaa muda mrefu bila kutumika, wakati mwenye gari yuko kazini mbali na nyumbani.